Mashine ya Maua kutoka Nakonde

Wifi yangu aliniletea mashine ile siku ya Jumanne. Ilikuwa imefungwa kwa gunia juu ya guta, naye akitembea nyuma yake ameishika kwa mkono mmoja kama anayesindikiza mgonjwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kimoja cha mbele katika mtaa ulio nyuma ya soko hapa Tunduma, nashona sare za shule, magauni ya vitenge na majoho ya kwaya. Kwa muda mrefu nilitamani mashine ya kudarizi, ile inayochora maua kwa nyuzi kwenye kola na kwenye pindo, maana wateja wangu walikuwa wakishonewa kwangu halafu wanapeleka nguo Mbeya kuwekewa maua. Wifi, dada wa mume wangu, anafanya biashara ya mahindi na huvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, karibu kila siku. Nikamwomba aniangalizie huko iliyotumika. Nilimwambia kwa maneno haya haya: nataka mashine ya maua.

Tulisaidiana na mwenye guta kuishusha. Ilikuwa nzito kuliko cherehani yangu. Wifi akakata kamba, akavuta gunia, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, wifi," alisema. "Maua yako."

Niliizunguka. Ilikuwa na mkono mrefu uliojikunja kwa juu kama wa cherehani, na meza ndogo ya chuma chini yake, na kiguu cha kukandamiza. Mpaka hapo tulielewana. Nikatafuta mahali pa kupitishia uzi, sikupaona. Nikainama kutafuta bobini, hakuna. Mahali pa sindano palikuwa na kitu chembamba cha chuma, kimekazwa juu na kukazwa chini, kimepita katika tundu la meza.

"Tundu la sindano liko wapi?" nilimuuliza.

"Mimi nitajuaje? Mimi nauza mahindi. Mwenye nayo alisema inatoa maua. Amaluba, bamayo, amaluba. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa Kibemba chao."

Tulichomeka kwenye umeme. Ikanguruma vizuri tu, na kile chuma kikaanza kupanda na kushuka kama sindano yoyote. Nilichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mteja, nikakiweka chini ya kiguu na kukisogeza. Mashine ilikikamata, ikakipigapiga mezani juu chini, juu chini, na nilipofanikiwa kuizima kitenge kilikuwa kama kimetafunwa na mbuzi. Tulikitazama wote wawili.

"Labda inataka mafuta," wifi alisema. Chai yake ilikuwa bado imejaa kikombeni, lakini alichukua pochi yake akaondoka.

Kesho yake alivuka tena kwenda kumtafuta muuzaji. Wengine walimwambia amekwenda Kitwe, wengine wakasema pale hakukuwa na mtu kama huyo. Aliniandikia neno moja kwenye simu: "Hayupo." Baada ya hapo hakuja tena kwangu. Kabla ya hapo, kila jioni akitoka mpakani alipitia kwangu, anakaa kwenye kigoda karibu na pasi, anakunywa chai na kunisimulia nani kagombana na nani kwenye foleni. Sasa nilianza kusikia kwamba anapita barabara ya malori, ambako ni mbali zaidi na vumbi ni jingi. Nikipiga simu alisema, "Nipo kwenye foleni, wifi, nitakupigia," na hakupiga.

Mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yupo njia ya Lubumbashi. Nilipomsimulia kwenye simu alicheka, kisha akauliza.

"Dada anasemaje?"

"Hasemi kitu. Haji."

"Usimwambie neno baya."

"Sijamwambia neno lolote."

"Basi ndiyo hivyo," alisema, na mtandao ukakatika. Nilibaki nimeshika simu. Sikujua kama alimaanisha nilifanya vizuri kunyamaza au kunyamaza kwangu ndiko kulikomuumiza dada yake. Mpaka leo sijamuuliza.

Aliyenifumbua macho ni fundi seremala aliye ng'ambo ya barabara. Ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa Ikinga, Ileje, anatengeneza vitanda na milango kwa mbao za paini zinazoletwa kutoka kwao. Huongea sana na kwa sauti ya kuvutavuta ya Kindali. Alikuja kurekebishiwa zipu ya koti, akaiona mashine pembeni.

"Mama, na wewe umeanza useremala?"

"Hiyo ni ya maua."

"Huo ni msumeno." Akagusa kile chuma chembamba kwa kidole. "Hii ndiyo bledi yake. Unakata mbao kwa mapindo mapindo, nakshi, maua, unachotaka."

Niliketi. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya, na wifi hakudanganya, na mimi niliagiza mashine ya maua nikapata mashine ya maua. Nilishindwa hata kujua nimkasirikie nani.

Seremala alisema anaweza kuichukua, tuelewane bei. Nilikaribia kukubali. Kisha nikafikiri: siku wifi atakapopita tena huku ataiona kwa seremala, na mtaa mzima utajua imefika vipi pale. Ingekuwa kama nimetangaza kosa lake kwa kipaza sauti. Lakini kama ningeweza kutoa kitu kimoja tu kizuri kwenye mashine ile, basi lisingekuwa kosa tena. Lingekuwa zawadi.

"Siiuzi," nilisema. "Nifundishe."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani ni ngumu?"

"Hapana, hakuna shida," alisema, akatazama dari. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba na yeye alikuwa hajawahi kutumia mashine kama hiyo.

Pamoja na mashine kulikuwa na kifurushi cha bledi, nyembamba kama tambi, zimefungwa kwa waya. Nilikuwa naziita sindano, naye ananisahihisha, nami nasahau. Ile iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa imepinda, kwa hiyo seremala akaweka mpya, akakaza juu, akakaza chini, akaleta kipande cha paini. Nikachora mstari ulionyooka kwa chaki yangu ya kushonea. Nikawasha.

Mbao iliruka. Sitii chumvi. Ilinyanyuka na kurudi mezani kwa kishindo, ikanyanyuka tena, na kidole gumba changu kilikuwa katikati. Seremala alisema nisukume kwa nguvu zaidi ili itulie. Nikasukuma. Bledi ikakatika, tak, kipande kikaruka hadi kwenye majoho ya kwaya.

"Umesukuma sana," alisema.

"Si umesema nisukume?"

"Nimesema usukume, sijasema usukume sana."

Tuliendelea hivyo siku kadhaa. Nilikuwa nafunga kazi za wateja saa kumi, naye anavuka barabara, tunavunja bledi moja au mbili, anarudi kwake. Akisema nisukume polepole, mbao inaruka. Akisema niikandamize kwa mikono yote miwili, inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Ukucha wa gumba uligeuka mweusi. Niliposhona, nilikuwa naogopa hata cherehani yangu niliyoizoea, nikaanza kuondoa vidole mapema, na mishono ya sare ikaanza kwenda upande. Mama mmoja alinirudishia sketi ya mwanawe bila kusema neno, ameishika tu kwa ule mshono ili niuone.

Siku moja nilikuwa peke yangu, nimebakiwa na bledi chache. Nikaitoa moja kwenye kifurushi na kuipitisha kwenye ncha ya kidole, kama ninavyopima sindano kama imebutuka. Nikashusha kidole: kilipita laini. Nikapandisha: kilikwaruza. Nikaenda kwenye ile iliyokuwa kwenye mashine, nikafanya vivyo hivyo. Nikashusha: kilikwaruza. Nikapandisha: laini. Nikakaa nikafikiri kwa muda mrefu, maana nilijiona mjinga hata kwa kuwaza hivyo. Meno yalikuwa yanatazama juu. Kila chuma kilipopanda kilikuwa kinainyanyua mbao. Tulikuwa tumeweka bledi kichwa chini miguu juu, kila siku, zote.

Nikaigeuza. Nikawasha. Mbao ikatulia mezani kama mtoto aliyeshiba, na unga laini wa mbao ukaanza kutoka kwenye mstari.

Nilipomwita seremala alitazama, akapaka mate kidoleni, akaipima bledi.

"Za Zambia labda zinakata kwa juu," alisema.

"Zote zimetoka Zambia. Na hii pia."

"Basi nimejifunza," alisema. Nikamheshimu kwa hilo kuliko kwa yote aliyonifundisha.

Nilidhani sasa mambo yamenyooka. Hayakunyooka. Nilichora mstari, nikaisukuma mbao kwa kuufuata, na msumeno ukaenda kulia. Nikarudisha, ukaenda kulia tena. Mikono yangu ina miaka ishirini kwenye cherehani. Cherehani ina meno yake chini yanayovuta kitambaa, kazi yako ni kukiongoza tu. Hapa hakuna kinachovuta. Ukiacha kusukuma, chuma kinapanda na kushuka mahali pamoja kama mtu anayekusubiri useme unachotaka. Na ukisukuma moja kwa moja, hakiendi moja kwa moja. Seremala alisema ni meza. Tukapima meza, iko sawa. Akasema ni umeme. Nikagundua kwamba nikiiweka mbao kidogo mshazari, kana kwamba nataka kwenda kushoto, ndipo inapokwenda sawa. Sikujua kwa nini, na bado sijui. Nililikubali kama unavyokubali tabia ya mkwe.

Nilianza na jani la mkahawa. Kwetu Ihanda kila nyumba imezungukwa na miti ya kahawa, nalijua jani lake nikiwa nimefumba macho. La kwanza lilifanana na samaki. La pili lilifanana na jani, lakini si la mkahawa. La tano nililipiga msasa, nikaliweka dirishani, na mteja mmoja akasimama kuligusa. Siku hiyo ndipo nilipoamua nitengeneze kibao cha mlango wa wifi, kilichokatwa neno KARIBU, ili mwanga upite kwenye herufi.

Kukata katikati ya mbao bila kuanzia pembeni kulinichanganya siku mbili nzima. Msumeno unaingiaje ndani? Nilimwuliza seremala, naye akasema tukate kutoka pembeni halafu tuzibe kwa gundi. Nikakataa. Baadaye, nikiwa natunga uzi kwenye sindano ya mkono, mkono ukasimama hewani. Unatoboa tundu kwa drili, unafungua bledi upande wa juu, unaipitisha kwenye tundu kama uzi, unaikaza tena. Hilo halikuwa la useremala, lilikuwa langu.

Nilikata K. Ikatoka vizuri. Nikakata A, nikazunguka mstari wa nje, nikageuza kona zote, na nilipomaliza herufi ikaanguka chini, yote, pamoja na pembetatu yake ya katikati. Nikaona tundu tu lenye umbo la kibanda. Nikasema labda nimekosea mahali. R ikatoka hivyo hivyo, na jicho lake likaenda nayo. I haikuwa na tatizo. B ikaanguka na macho yake yote mawili, U ikawa salama. Nikainua kibao kuelekea dirishani. Kilikuwa na matundu sita makubwa, na herufi tatu kati ya hizo hazikusomeka. Niliokota vipande sakafuni, nikavipanga mezani, nikajaribu kukishika kijicho cha R kwa vidole mahali kinapotakiwa kukaa. Kilikaa vizuri. Nikaachia, kikaanguka. Nikakishika tena. Sikuelewa unawezaje kuacha kitu katikati ya tundu kama hakijashikwa na chochote.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilifunga duka, nikatia kibao kibovu kwenye mfuko, nikaenda kwenye ghala la wifi.

Alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia, ana brashi na kopo la rangi. Aliponiona akaanza kusimama, kisha akakaa.

"Karibu, wifi."

"Nimeshakaribia. Tatizo ni hilo neno lenyewe." Nikatoa kibao nikampa.

Alikigeuza, akakitazama kwa mbele, kwa nyuma.

"Umeandika nini? K... halafu kibanda?"

"Ni mashine yako. Nimekata karibu, ya mlango wako. Macho ya herufi yanaanguka."

Aliweka brashi juu ya kopo, akachukua bati lililokuwa limelala kando yake, lile wanalotumia kupiga alama ya mwenye mzigo kwenye magunia: herufi zimetobolewa kwenye bati, unaweka juu ya gunia, unapaka rangi. Akaliinua mbele ya uso wake, nami nikamwona kupitia herufi.

"Tazama A," alisema.

A ya kwenye bati ilikuwa imekatika mahali pawili. Vijidaraja viwili vyembamba vya bati vilikuwa vimeachwa, vikishikilia ile pembetatu ya katikati. Mapengo yake nimeyaona kwenye magunia tangu nilipoolewa. Nilikuwa nadhani ni rangi haikufika.

"Lazima uache njia," wifi alisema. "Usikate yote."

Lori lilipita nje, ghala likatetemeka. Kisha alifungua pochi yake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye leso, akanipa. Lilikuwa ua la mbao, dogo, lina petali sita na tundu katikati, limekatwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kukata.

"Alilikata mbele yangu," alisema. "Yule muuzaji. Alichukua kipande cha mbao, akakizungusha, akanipa mkononi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sijui kama nilijua. Niliona anakata mbao. Nikajiuliza, mbona mbao? Nikasema labda ananionyesha tu, labda kitambaa kinafuata. Watu walikuwa wamejaa, anaongea Kibemba haraka haraka, mimi naitikia ee, ee, kama ninayeelewa. Kila mtu anajua mimi ni mtu wa Nakonde, najua lugha. Nikaona aibu kuuliza. Nikalipa." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na rangi. "Nilipofika kwako, uliponiuliza tundu la sindano, nikaona uso wako. Nikashindwa."

"Uso wangu ulikuwaje?"

"Ulikuwa mpole. Afadhali ungenigombeza."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa mpole, nilikuwa nimechanganyikiwa tu. Nilitaka pia kukasirika, maana alikuwa ameniacha peke yangu na gumba jeusi na seremala asiyejua kitu, huku jibu likiwa kwenye pochi yake. Hasira ilikuja, ikakaa kidogo, kisha nikajikuta nalipima lile ua kwa kidole, kutafuta muuzaji alianzia wapi na alipindaje kwenye kona.

"Hili tundu la katikati," nilisema, "amelitoboa kabla ya kuanza kukata au baada?"

"Kabla," wifi alijibu. "Nakumbuka alianza na tundu."

Jumamosi alikuja kwangu na bati lake. Tulichora herufi upya, yeye akionyesha pa kuacha daraja, mimi nikikata. B ilitusumbua: daraja tuliloliacha lilikuwa jembamba mno, likavunjika kwenye msasa, tukaanza upya kwenye mbao nyingine. Kibao cha tatu kipo mlangoni kwake, na mwanga unapita. Ukikitazama kwa makini utaona R imeinama.

Sasa mashine inakaa upande mmoja wa chumba na cherehani upande mwingine, kati yake nimening'iniza pazia kwa sababu ya unga wa mbao. Pazia halisaidii sana. Bado wateja wanakung'uta majoho kabla ya kuyavaa. Mashine ya kudarizi sijaipata, na nguo za maua bado zinakwenda Mbeya. Wapo wanaokuja kwa sare wakaondoka na kibao, na wapo wanaoingia wakauliza kama wamekosea mlango. Nami wakati mwingine sina hakika niwajibu nini.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka upande wa Zambia aliagiza kibao cha kukaribisha wageni, lakini kwa Kibemba. Wifi alikuwepo. Nilimwomba aniandikie neno, akaandika Mwaiseni. Akalitazama, akalifuta, akaandika Mwayiseni. Akasema kwa kusikia ni la pili, kwa kuandika hana uhakika. Safari hii hakuona aibu. Alipiga simu kwa yule mama, akamwambia wazi kwamba hajui, na mama akalitaja herufi moja moja wakati mimi naandika kwa chaki juu ya mbao. Lilikuwa lile la kwanza. A moja tu ndiyo yenye jicho, kwa hiyo vijidaraja viwili tu. Nikachukua drili, wifi akashika mbao upande wa pili.